Umetua Nkubu na Unataka Namba Kwa Timu? Soma Hii Kwanza

Maze, Nkubu inapokea wageni kila mwezi na hakuna mtu anapiga kelele. Nesi mwanafunzi anakuja kusomea Consolata. Mwalimu anatumwa na TSC kutoka Busia ama Kitui. Karani wa benki anapewa barua ya uhamisho na wiki moja ya kujipanga. Fundi wa simu anapanda kutoka Embu akifuata soko. Msee anapata keja, ananunua godoro na meko, anajua bei ya ndizi na mahali mathree za Meru zinabebea. Halafu Jumamosi inafika, saa tisa mchana, na anagundua hajui mtu hata mmoja wa kumpigia simu.

Saa hiyo chaguo zake za karibu ni tatu. Alale. Aweke beti kwa simu na kungoja mechi ya Uingereza. Ama atafute mahali pa kinywaji. Chaguo la nne lipo, la kwenda kucheza: mpira, voliboli, mbio, chochote. Shida ni kwamba hilo la nne ndilo gumu kulipata kuliko yote, na ndilo lingemsaidia zaidi.

Usichukulie hii kama stori ya watu wa kujifurahisha tu. Juni 2025, tume ya Shirika la Afya Duniani ilitoa ripoti ikisema mtu 1 kati ya 6 duniani anaishi na upweke, na kwamba upweke unahusishwa na vifo karibu 871,000 kila mwaka. Na upande wetu huu wa Mlima Kenya tunajua vizuri kijana asiye na la kufanya jioni huishia wapi. Februari 2024, hapo Kangai, Kirinyaga, pombe haramu iliua watu zaidi ya 10 kwa kishindo kimoja. Serikali ilikuja na misako na kufunga baa. Sawa. Lakini ukishafunga baa, yule kijana unamwambia aende wapi saa kumi na moja jioni?

Basi tuulize swali la maana: mgeni akitua Nkubu leo na anataka kucheza, mlango uko wapi?

Stadi zinapakwa rangi, mtaani hakuna ratiba

Ukiuliza viongozi kuhusu michezo, jibu lao la kwanza ni uwanja. Kila mtu ana ndoto ya stadi. Hebu tuangalie hizo stadi zimetufanyia nini.

Kinoru, pale Meru mjini, ilitajwa kama mojawapo ya viwanja vya CHAN 2018. Kazi ikaanza, ikacheleweshwa, na Septemba 2017 CAF ikaipokonya Kenya mashindano. Yakaenda Morocco. Juni 1, 2018, Kinoru ikapata siku yake: sherehe za Madaraka, rais akaja, ndege zikapita juu, watu wakajaa. Embu nayo ikapata zamu yake. Stadi ya Moi ikatengenezwa na ikaandaa Madaraka ya Juni 1, 2023.

Kwa hivyo barabara ya Meru kwenda Embu ina stadi kila upande, na zote mbili zimewahi kumkaribisha rais. Nkubu iko njiani, na msee wa Nkubu amebaki pale pale. Stadi kubwa hutengenezwa kwa sababu ya siku kubwa. Haikuambii Jumanne jioni utacheza na nani. Kupanda mathree hadi Meru baada ya kazi, ucheze, urudi kabla ya giza, hiyo hesabu haitoshani. Na hata ukifika, stadi haina mtu wa kukuuliza, "Wewe ni mgeni? Unacheza namba gani?"

Hii stori inarudi tena sasa. Septemba 27, 2023, Kenya, Uganda na Tanzania zilipewa AFCON 2027. Agosti 2025 tulionja utamu wenyewe kwenye CHAN: Harambee Stars wakabaki kumi uwanjani na bado wakalima Morocco 1-0 pale Kasarani, nchi nzima ikapanda mzuka, halafu Madagascar wakatutoa kwa penalti kwenye robo fainali. Ilikuwa tamu, hakuna kukataa. Lakini ganji ya namna hiyo inaenda kwa nyasi za Nairobi. Mgeni wa Nkubu ataiona kwa skrini.

Katiba ilishasema hii ni kazi ya nani

Wengi hawajui hii, kwa hivyo ikae kwa kichwa. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, iliweka michezo na viwanja vyake chini ya serikali za kaunti. Inakaa kwenye orodha moja na maktaba, bustani na leseni za pombe. Kwa hivyo ukitaka kujua nani anadaiwa uwanja wa Nkubu, usiangalie Nairobi. Angalia Meru mjini.

Na Meru mjini walikuwa bize na mambo mengine. Bunge la kaunti lilipiga kura ya kumtoa Gavana Kawira Mwangaza mara tatu: Desemba 2022, Oktoba 2023 na Agosti 2024. Seneti ilimwokoa mara mbili, ya tatu ikamwangusha, na mpaka korti ikaamua Machi 2025, ndipo naibu wake Isaac Mutuma akaapishwa. Hesabu mwenyewe: ni zaidi ya miaka miwili ya vita vya juu. Uwe ulikuwa upande wa Kawira ama wa MCA, ukweli ni kwamba wakati fahali wanagongana, hakuna mtu anakumbuka kupigia mstari uwanja wa Imenti Kusini.

Halafu kuna ule mchezo mwingine. Uchaguzi ni Agosti 2027. Tayari unajua kitakachofuata: kombe la mheshimiwa, jezi zenye picha ya uso wake, mipira miwili, mbuzi kwa mshindi. Mwezi mmoja wa raha. Na kwa mgeni, hayo makombe yana kizuizi chake. Timu hupangwa kwa wadi, na mheshimiwa anataka vijana watakaompigia kura. Wewe kura yako iko Busia. Utakaa kando ukishika chupa za maji.

Shamba tambarare ni dhahabu

Kuna sababu nyingine ambayo hata kaunti ikipata akili leo haitaondoka haraka: ardhi yenyewe. Mtu anayejua Imenti Kusini anajua ni miinuko na mabonde, mito inashuka kutoka mlimani, na kila kipande kina chai, kahawa, ndizi ama ng'ombe. Pahali tambarare penye ukubwa wa uwanja ni pachache, na pakipatikana pana mwenyewe. Mara nyingi mwenyewe ni shule au kanisa.

Kwa hivyo viwanja vipo. Vimezungushiwa ua na viko na geti. Mchana vinatumiwa na wanafunzi, jioni na wikendi vinalala. Bodi ya shule ina sababu zake za kufunga: watu wakiingia wanaharibu nyasi, wanakojoa nyuma ya madarasa, wanavunja dirisha na hakuna anayelipa. Mwalimu mkuu ndiye ataulizwa na wazazi. Ukienda peke yako umwambie, "Mwalimu, tunaomba kucheza hapo Jumamosi," atakuangalia na kukuuliza swali moja: "Nyinyi ni kina nani?"

Hilo swali ndilo limefunga viwanja vingi kuliko kufuli. Na mgeni, kwa ufafanuzi wake, hana jibu.

Ongeza hali ya anga. Tuko karibu kabisa na ikweta, jua linazama karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima. Ukitoka kazini saa kumi na moja una kama saa moja na nusu ya mwanga, na hapo bado hujavua viatu vya kazi. Mvua nazo: Machi hadi Mei, halafu zile za Oktoba hadi Desemba ambazo upande wetu huu ndizo nzito. Uwanja unakuwa matope. Taa hakuna. Kwa hivyo kwa wiki una jioni chache na Jumamosi au Jumapili, basi. Ndiyo maana ratiba ni muhimu kuliko saruji. Muda mfupi ulionao, lazima watu wafike pamoja.

Namba inapewa nani?

Sasa tuingie ndani ya timu zenyewe, kwa sababu huko nako kuna siasa.

Mfumo wetu wa michezo umejengwa kama ngazi ya wenye kipaji. Shuleni kuna michezo ya muhula, unapanda kutoka kaunti ndogo hadi kitaifa. Ukimaliza Kidato cha Nne, kama hukuonekana, ngazi imeisha. Kwa mpira kuna Ligi Kuu yenye timu 18, chini yake National Super League, Daraja la Kwanza, la Pili, halafu ligi za mikoa na za kaunti. Hizo zote zina usajili, kadi, dirisha la uhamisho. Zimetengenezwa kupata washindi. Hakuna mahali kwenye hiyo ngazi pameandikwa: hapa ni pa mtu wa miaka 31, ana kitambi kidogo, anataka tu kutoa jasho na kujua majina ya watu.

Kwa hivyo mgeni anaingia kwa mlango wa nyuma. Kuna wanne hivi wanaojulikana katika miji midogo yetu. Timu ya kazini, kama mwajiri anayo. Vijana wa kanisa. Timu ya stage ya bodaboda. Na walimu wa shule jirani wanaocheza baada ya masomo. Zote ni nzuri, na kila moja inauliza kwanza wewe ni wa nani. Ukiwa na mwenyeji wa kukushika mkono, umeingia. Ukiwa huna, unasimama kwa laini ya pembeni ukiokota mipira, wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka siku moja mtu aumie na kapteni aangalie huku na kule aseme, "Wewe bro, una viatu?"

Lugha nayo inachangia. Wasee wakichangamka uwanjani wanapiga Kimeru, na hiyo ni haki yao, ni kwao. Lakini mgeni haelewi kama anaambiwa "pitisha" ama "rudi nyuma". Akipoteza mpira mara mbili anahesabiwa hajui kucheza. Dawa ya hii ni rahisi pande zote: mgeni ajifunze maneno ya uwanjani, na kapteni amtafsirie dakika tano za kwanza. Kusema "muga" ukifika kunafungua nyuso nyingi.

Na madem je?

Yote niliyosema hapo juu, kwa wanawake zidisha mara mbili. Kenya inajivunia wanawake wake wa michezo. Malkia Strikers walicheza voliboli Olimpiki ya Tokyo na ya Paris. Junior Starlets mwaka 2024 wakawa timu ya kwanza ya soka ya Kenya kufika Kombe la Dunia, kule Jamhuri ya Dominika. Tunawapigia makofi, halafu jioni uwanja wa mtaa umejaa wanaume ishirini na wawili na wengine thelathini wakingoja zamu.

Nesi mgeni akitoka zamu saa kumi na moja, ana ile saa moja na nusu ya mwanga kama kila mtu. Kukimbia peke yake kandokando ya barabara kuu, na malori na bodaboda zinapita, na maneno ya wasee wa kando ya barabara, hiyo haimtulizi mtu. Akipata wenzake sita, mambo yanabadilika kabisa. Voliboli ndiyo ingeanza rahisi: inahitaji eneo dogo kuliko soka, wavu mmoja, mpira mmoja, na watu kumi na wawili wanatosha. Kanisa lenye uwanja wa kuegesha magari linaweza kuibeba. Lakini lazima saa iwe ya kwao, iandikwe, na isinyakuliwe na wanaume wakisema "tumalizie mechi yetu kwanza".

Wengine wamefanyaje?

Kuna watu wametatua hili bila stadi, na hapa hapa nchini.

Nenda Iten, Elgeyo Marakwet, mita 2,400 juu ya bahari. Kila mwaka wageni wanatua huko na begi moja, wengine kutoka vijiji vya mbali, wengine kutoka Ulaya. Wanaingiaje? Kila mtu anajua kwamba Alhamisi saa tatu asubuhi kuna fatleki, yale mazoezi ya kubadilisha kasi, kwenye barabara ya vumbi. Hakuna fomu. Hakuna ada. Unafika, unasimama na wengine, mkianza unakimbia. Bingwa wa dunia yuko mbele, wewe uko nyuma umeachwa, lakini mmeanza pamoja. Mgeni akiuliza, hata mama wa duka atamwelekeza.

Angalia Mathare, Nairobi. MYSA ilianzishwa 1987, mahali ambapo ardhi ilikuwa shida kuliko Nkubu mara mia. Walifanya kitu kimoja cha akili: timu ikishiriki kusafisha mtaa, inapata pointi kwenye ligi. Mtaa ukaona faida ya hao watoto wanaopiga kelele na mpira. Kutoka hapo ikazaliwa Mathare United, ambayo mwaka 2008 ilitwaa ubingwa wa Ligi Kuu.

Na London, 2004, watu wachache walianza kukimbia kilomita tano kwa bustani kila Jumamosi asubuhi, bure, wa mwisho anangojwa. Wakaiita parkrun. Afrika Kusini ikaichukua 2011 na ikashika kweli kweli.

Hizo tatu zinafanana kwa nini? Siku inajulikana, saa inajulikana, mahali panajulikana, na asiyejua kucheza hafukuzwi. Iten wana barabara ya vumbi tu. Mathare walikuwa na takataka. Hakuna aliyengoja utepe ukatwe.

Nkubu ifanye nini, na nani aanze

Sasa rudi kwa lile swali la mwalimu mkuu: "Nyinyi ni kina nani?" Jibu lake linaweza kutengenezwa. Kuna sheria ya usajili wa vikundi vya kijamii ya 2022. Inataka watu wasiopungua kumi, katiba ndogo ya kikundi na viongozi, na mnaenda kwa ofisi ya maendeleo ya jamii. Mkishapata cheti mnaweza kufungua akaunti na kuandika barua yenye muhuri. Mwalimu mkuu akiona barua, majina, namba za simu na ahadi kwamba dirisha likivunjika mtalipa, ana kitu cha kupeleka kwa bodi. Mkiongeza kile kitu cha Mathare, kwamba kila mwisho wa mwezi mtafyeka nyasi na kuokota takataka, itakuwa ngumu kuwakatalia.

Doo? Tuseme mko thelathini na kila mtu anatoa shilingi 100 kwa mwezi. Hiyo ni 3,000. Miezi miwili mitatu mna mpira, wavu na firimbi, na akiba ya dirisha. Bei ya soda mbili haitamuua mtu.

Kwa kaunti, jua tarehe. Mpango wa maendeleo wa mwaka lazima ufike bunge la kaunti kufikia Septemba 1, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Vikao vya maoni ya umma huwa kabla ya hapo. Wageni wengi hawaendi wakidhani si kwao. Kama unalipa kodi ya nyumba Nkubu na unanunua sukuma Nkubu, Nkubu ni kwako. Na usiende kuomba stadi. Omba vitu vidogo ambavyo MCA hawezi kukwepa: mitaro ya maji kwa uwanja mmoja wa shule, choo nje ya ua, taa mbili, na makubaliano ya maandishi kati ya kaunti na shule kwamba uwanja uko wazi saa fulani. Taa mbili zinaongeza saa mbili za mchezo kila jioni. Hakuna ndege ya Madaraka inayoweza kufanya hivyo.

Na kwa timu zilizopo, hapa ndipo pana uzito. Wenyeji, nyinyi ndio mko na mpira. Chagueni siku moja kwa wiki iwe ya kila mtu. Andikeni kwa ubao pale stage na kwa kanisa: siku, saa, mahali, njoo na viatu vyovyote. Siku hiyo hakuna kupanga kikosi, mnagawana tu. Timu inayofanya hivyo inapata faida yake pia: yule mwalimu mpya labda alikuwa kipa wa chuo, na yule nesi ndiye atakayejua kufunga kifundo kilichoteguka.

Wewe mgeni, usingoje kualikwa kwa barua. Nenda mara tatu mfululizo mahali pamoja, saa ile ile. Mara ya kwanza wewe ni mpita njia, mara ya pili wanakukumbuka, mara ya tatu wanakuuliza jina. Beba maji ya kugawa. Usianze kwa kusema ulikuwa moto sana huko kwenu, waache waone wenyewe. WHO inapendekeza dakika 150 za mazoezi kwa wiki kwa mtu mzima. Hizo ni jioni mbili na Jumamosi moja.

AFCON itakuja na kupita, na makombe ya waheshimiwa yataisha Agosti 2027 kura zikihesabiwa. Ubao mmoja pale stage ya Nkubu, ulioandikwa kwa chaki siku na saa, unaweza kuwekwa wiki hii. Kapteni gani ataanza?